Chokaa Bila Gundi

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba hujaanguka tena kutoka kwenye ile ngazi yako. Sisi huku hatujambo. Mama ndiye hajambo kupita kiasi. Ana miaka sitini na moja na ameanza kujifunza kuogelea. Jumamosi alimpiga mwalimu wake teke la pua kwa bahati mbaya, halafu badala ya kuomba radhi akamwambia siku nyingine asimame mbali. Salamu zake sikuletei kwa sababu hakunipa. Aliponiona naandika alisema, "Mwambie simsalimii," kisha akasimama mlangoni mpaka akahakikisha nimeandika. Haya, nimeandika.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimepewa sehemu nzima! Ya kwangu! Ile tamthilia ya "Fundi wa Nyakati" ambayo unasema huitazami, ingawa mwezi wa Novemba uliniuliza kwa nini fundi amebadilisha nywele. Mkuu wangu wa mandhari amevunjika mguu (alipanda ngazi ya mapambo akidhani ni ngazi ya kweli, na ngazi ile nilikuwa nimeijenga mimi, tusiongee sana), kwa hiyo sehemu ya kumi na moja nimekabidhiwa mimi. Miaka minne nabeba viti, Mjomba, leo nawaambia wengine wabebe!

Hadithi ni hii. Fundi wetu wa cherehani anakanyaga kanyagio kinyumenyume kama kawaida, na safari hii anaangukia miaka mia na hamsini nyuma, kwenye chumba cha mchoraji mmoja mwenye mateso. Huyu bwana anasikia watu wanamcheka nyuma ya ukuta, na kila picha anayoimaliza anaifunika na rangi nyeupe kabla mtu hajaiona. Dunia imebakiwa na picha yake moja tu, ya mwanamke asiyejulikana ni nani. Fundi ametumwa ajue kwa nini hiyo moja ilipona.

Shida ni mwigizaji. Ana uso wa huzuni ambao ukiutazama tu unatamani kumpikia uji, lakini brashi anaishika kama anapiga mswaki. Nahitaji mikono ya mchoraji wa kweli, ichukuliwe kwa karibu, ichore sura ya mwanamke mbele ya kamera. Tena yeye ni wa shoto na tumeshampiga picha akinywa chai kwa mkono huo, kwa hiyo nahitaji mchoraji wa kushoto. Mimi namjua mtu mmoja tu anayechora kwa mikono yote miwili kwa sababu ni mvivu wa kushuka kuhamisha ngazi.

Nijibu kwa barua basi, maana simu yako najua bado imelala kwenye kopo la rangi ulimoiangusha.

Mpwa wako mwenye kiherehere,
Kasuku

19 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Simu haijalala, imekufa, na tangu ife napata usingizi mzuri. Paka amezaa ndani ya sanduku la stensili za kuchorea herufi, kwa hiyo mpaka watoto wafungue macho sina herufi kubwa. Nimefurahi sana kwa cheo chako. Nilisoma barua yako kwa sauti kwa fundi viatu wa jirani, naye akasema alijua tangu zamani, ingawa hajawahi kukuona.

Jibu langu ni hapana. Mikono yangu ina kazi. Nimetoka kuchora mishale arobaini na sita kwenye kuta za hospitali, na mmoja niliugeuza, kwa hiyo siku mbili nzima wagonjwa wa macho walikuwa wanafika jikoni. Nimerudi nimeurekebisha. Mpishi amenilaumu, anasema alishawazoea.

Mimi nachora herufi, mishale, na mara mojamoja jino kubwa kwa ajili ya daktari wa meno. Sura za watu sichori. Unajua hilo, unajua tangu lini, na tusilizungumze.

Ila naomba kuuliza, kwa kuuliza tu. Huyo mchoraji wenu anachorea turubai au ubao? Dirisha la chumba chake liko upande gani? Nguo zake zina madoa, au dada wa mavazi amempigia pasi shati? Maana juzi kwenye ile sehemu ya mpiga ngoma wa mfalme niliona ukuta wa kale umepakwa kwa rola, alama za rola zinaonekana kabisa. Nilizima televisheni nikaenda kulala. Kisha nikaamka nikaiwasha, lakini kwa hasira.

Mjomba wako,
mwenye kazi zake

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo na pole kwa herufi kubwa. Hongera kwa paka. Huku Mama amefaulu kuelea kwa sekunde tisa, na amewaambia majirani wote kwamba ni dakika.

Majibu: turubai, kaskazini, na shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka nikalikanyaga mwenyewe kwa viatu. Wa rola alikuwa mkuu wangu, si mimi. Nakuwekea kurasa za muswada uone. Mwisho wake ni kwamba mchoraji anaifunika picha ya yule mwanamke mbele ya fundi, fundi anaiba turubai jeupe anarudi nalo zama zetu, halafu analipangusa na sura inatokea. Mwongozaji wangu ana sauti ya kuuzia samaki, na analia kila akifika ukurasa huo.

Umesema tusilizungumze. Mjomba, mimi ni Kasuku. Nilikuwepo siku ile. Mama alikuwa anatimiza miaka hamsini na miwili, nyumba imejaa watu, wewe ukaingia na picha uliyomchora miezi mitatu kwa siri, ukavuta shuka. Mama akaitazama akaangua kicheko mpaka akashikilia meza. Nawe, mdogo wake wa pekee, ukaichukua picha ukaiweka kwapani ukatoka, hukula hata keki. Jioni tukasikia umeifunika yote kwa rangi nyeupe. Sasa ni miaka tisa. Hujamchora mtu mwingine na hujamsemesha dada yako. Nikimuuliza Mama alicheka nini, anasema, "Kamuulize aliyekimbia." Nikikuuliza wewe, unanitajia mishale.

Haya, nimesema, nimenyamaza. Swali langu la kazi ni hili: mchoraji afunike na nini? Iwe nyeupe kabisa kwa mikupuo michache, lakini iweze kutoka baadaye bila kuharibu picha ya chini. Wenzangu wanasema haiwezekani, tuchore picha mbili. Mimi nimewaambia nina mtaalamu.

Mpwa wako,
Kasuku

15 Machi

Kasuku,

Salamu zako zimefika, na uropokaji wako pia.

Wenzako hawajui kazi. Iacheni picha ya mafuta ikauke vizuri, kisha mpake chokaa ya maji, chokaa tupu, bila gundi na bila chumvi. Gundi ndiyo inayoing'ang'aniza. Bila gundi chokaa inakaa juu tu, imejishikiza. Mtu akiitazama ataona nyeupe tupu na ataamini kila kitu kimekwisha. Lakini kitambaa chenye maji kinatosha kuitoa. Hata baada ya miaka tisa inatoka bila shida, rangi ya chini iko vilevile, hata wekundu wa mashavu haujapauka.

Muswada nimeusoma. Si mbaya. Ukurasa wa kumi na nne mchoraji anaosha brashi ya mafuta kwa maji. Mfuteni kazi aliyeandika. Nimeona pia hakuna mtu anayejua kuchanganya rangi ya ngozi hapo kwenu, mtamchora huyo mwanamke awe kama udongo wa kufinyangia. Kwa ajili ya hilo tu, nitakuja. Siku moja. Mikono peke yake. Nitachora sura yoyote ile, ya mtu asiyekuwepo, na nitaifunika, na nitarudi na basi la jioni. Mama yako asijue nipo mjini.

Mjomba wako

21 Machi

MJOMBA!

Shikamoo haraka haraka. Unakuja! Nimemrukia mwongozaji nikammwagia chai.

Siku ni tarehe kumi Aprili, saa mbili asubuhi, lile ghala lililokuwa kinu cha unga, mlango wa kijani.

Ila nijibu hili. Umejuaje ya miaka tisa? Wewe mchora vibao wa miaka thelathini, siku ile una hasira za kuvunja vyombo, makopo ya rangi ya mafuta yamejaa chumba kizima, ukachagua kufunika picha ya Mama kwa kitu cha pekee kinachotoka na kitambaa? Na mashavu mekundu umeyaona lini?

Kasuku (ambaye hajakaa chini tangu juzi)

2 Aprili

Kasuku,

Mimi mzima. Watoto wa paka wametoka sandukuni, wawili weupe, mmoja mfupi mwenye hasira, nimempa jina la mama yako.

Nitafika tarehe kumi. Brashi nitakuja nazo mwenyewe. Posta siku hizi si ya kuaminika. Barua yako ilifika ikiwa na sehemu ya kwanza tu. Kama kulikuwa na maswali chini, yamepotelea njiani.

Mjomba wako

13 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Dada wa mavazi anakusalimu na anaomba shati la mchoraji alilokuvisha. Uliondoka nalo.

Nakueleza yaliyotokea baada ya wewe kutoka, maana ulitoka kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwa mtu wa umri wako. Ulipokuwa unachora hakuna aliyepumua. Saa nzima, kwa mkono wa kushoto, na sura inakuja tu. Kidevu kwanza. Mtu wa taa aliniuliza kwa kunong'ona, "Huyu mama ni nani?" Mimi nikamwambia atazame taa zake. Sura ya mtu asiyekuwepo! Mjomba, nimekula chakula cha mwanamke huyo maisha yangu yote.

Kisha tukaikausha juujuu kwa mafeni mpaka mchana ukaisha, wewe umekaa kwenye ndoo unaitazama. Mwongozaji akaita, kamera ikawaka, ukachovya brashi pana kwenye chokaa, ukainyanyua. Ikabaki hewani. Nilihesabu sekunde arobaini. Chokaa ilikuwa inadondoka kwenye kiatu chako. Halafu ukairudisha brashi kwenye ndoo, polepole, ukasema "Basi," ukachukua begi.

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Nikageuka kumtazama mwongozaji, nikakuta analia kwa ile sauti yake ya samaki. Akapaza, "Asiifunike! Ndiyo maana ilipona! Hakuweza!" Mwigizaji akaletwa mbio kutoka kwenye mkate wake, akaambiwa alie kulingana na mkono. Akalia vizuri sana, makombo bado mdomoni. Muswada umebadilishwa. Mkono wako umeandika mwisho mpya, na waandishi wamenuna.

Inarushwa tarehe kumi na nne Juni. Mjomba, mbona hukuaga?

Kasuku

10 Mei

Mjomba, shikamoo.

Wiki nne kimya. Nimeandika mara mbili. Shati wanaweza kulisamehe. Mimi siwezi kukusamehe ukinyamaza na mimi pia. Wawili wasioongea wanatosha kwa ukoo mdogo kama huu.

Kasuku

22 Mei

Mpwa wangu,

Nisamehe. Si wewe. Barua zako zote zimefika, na zile za nyuma zilifika nzima.

Nilikaa mezani mara nne kukuandikia nikaishia kuchora mishale pembeni mwa karatasi. Basi nakwambia. Siku ile niliumia. Ile ndiyo picha pekee niliyowahi kuichora nikajua ni nzuri, nikaijua kwa uhakika, na mtu niliyemchorea akaicheka mbele ya watu. Nilifika nyumbani nikashika kopo la rangi nyeupe ya mafuta. Nikalifungua kabisa. Kisha nikaliweka chini nikaenda kukoroga chokaa. Najua nilichokuwa nafanya. Nilitaka aje siku moja aseme neno moja tu, nimpe kitambaa.

Hakuja. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, nalowesha kona moja, natazama kama bado yupo, halafu napaka tena. Mara ya kwanza lilikuwa sikio. Mara ya mwisho, shavu.

Kule kwenu nilikuja nimejiandaa kumchora mtu yeyote. Mkono ulikataa, haujui sura nyingine. Na kumfunika mara ya pili sikuweza, hata kwa mchezo wa televisheni.

Nakuomba jambo moja. Tarehe kumi na nne mpeleke akaogelee. Asiione. Nikisikia amecheka tena, mimi nimekwisha, sitashika brashi hata ya mishale.

Mjomba wako

15 Juni

Mjomba, shikamoo, na nisamehe mimi.

Nilijaribu. Nilimkatia tiketi ya bwawa, nikamfichia rimoti ndani ya jokofu. Lakini majirani wote wamealikwa, maana amewatangazia kwamba binti yake sasa ndiye mwenye kipindi. Tulikuwa kumi na saba sebuleni, wengine dirishani.

Ilipofika sura, nilifumba macho. Kisha nikamsikia. Mjomba, amecheka. Kicheko kilekile, cha kushikilia meza. Nilitaka kufa. Nikafumbua macho kumwambia anyamaze, nikakuta machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Akasema, "Huyo ni mimi. Mwenye meno yangu." Jirani akamwambia, "Sisi tunayaona kila siku." Akajibu, "Mimi siyaoni." Ndipo alipoeleza, mbele ya watu kumi na saba, jambo ambalo hakuniambia miaka tisa. Meno yake ya mbele yamepandana, unajua. Tangu msichana hacheki bila kuziba mdomo kwa mkono. Hakuna picha yake hata moja ya kicheko isiyo na mkono mbele. Nimekimbia kutazama albamu: kweli, hakuna! Wewe ulimchora anacheka, mdomo wazi, mkono haupo. Siku ile shuka lilipovutwa alijiona kwa mara ya kwanza, na akaona anapendeza, na akacheka hivyohivyo, hadharani, mkono kausahau. Alitaka kukuambia. Alipofuta macho, ulikuwa umeshafika getini na picha kwapani.

"Amenipa zawadi, akaninyang'anya kabla sijamaliza kufurahi," amesema. "Mimi ndiye niende kuomba msamaha?" Alikuwa anangoja wewe, nawe unangoja yeye! Miaka tisa! Nyinyi wawili mnafaa kuwekwa kwenye cherehani mrudishwe mchapwe.

Nilimwambia kuhusu chokaa. Aliinuka, akaenda chumbani, nikasikia begi linafungwa. Basi lake ni la kesho asubuhi. Barua hii nadhani itafika baada yake, kwa hiyo haina kazi, lakini nimeshindwa kutoiandika.

Kasuku

24 Juni

Kasuku wangu,

Barua yako imefika leo. Dada alifika tarehe kumi na sita, saa kumi, nikiwa juu ya ngazi namalizia jino la daktari. Nilisikia mtu anasema, "Shuka." Nikashuka.

Hakunisalimia. Akaniuliza ndoo iko wapi. Nikamwonyesha. Akaloweka kitambaa, akaingia stoo, akapiga magoti mbele ya ubao mweupe, na mimi nikasimama nyuma yake kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Alianzia juu. Nywele, paji, macho. Maji meupe yakawa yanatiririka mpaka kwenye gauni lake la safari. Alipofika mdomoni akasita, kisha akapangusa kwa kidole, taratibu, jino mojamoja.

Nilimwambia, "Dada, nilidhani umeicheka." Akasema, "Nilicheka nayo, mjinga wewe." Tukakaa sakafuni. Sikumbuki nani alianza kulia, ila yeye anadai ni mimi, na atakuambia hivyo, na usimwamini. Yeye na paka mwenye jina lake wameshagombana mara mbili.

Amesema sikio nimelikosea, ni kubwa. Nimepima, si kubwa, ndivyo lilivyo. Amesema pia ile picha ni ya mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na yeye sasa ni mtu anayeelea, kwa hiyo nimchore upya. Tumeanza Jumatatu. Ni mtu mbaya wa kuchorwa kuliko wote niliowahi kuwachora. Anainuka kila dakika kuja kutazama, ananielekeza kuchanganya rangi, anamsimulia fundi viatu kupitia dirishani habari za pua ya mwalimu wake.

Nakatisha hapa, mwanga ni mzuri na amerudi kukaa. Fundi viatu amemwambia jambo, sijui jambo gani. Anacheka, na mikono yake yote miwili iko mapajani.

Mjomba wako